Nilikwenda Mtwara Kutazama Ukuta

Ukimuuliza mtu wa Lindi au Mtwara makumbusho ya sanaa yako wapi, atakuelekeza Dar es Salaam. Mwingine atakutajia Berlin, kwa sababu ya yule dinosaria, mjusi mkubwa wa Tendaguru, ambaye mifupa yake ilichimbwa huku kwetu kati ya 1909 na 1913. Sasa amesimamishwa kule, zaidi ya mita 13 kwenda juu, na watu wanalipa kiingilio kumwona. Kwamba unaweza kupanda basi alfajiri, ukashinda unatazama sanaa humu humu Kusini na jioni ukarudi kulala kwako, hilo halimjii mtu haraka. Mimi lilinijia Juni 2020, katikati ya korona, na ninaliandika kwa sababu bado naliamini.

Nafundisha Historia sekondari, hapa Lindi mjini. Shule zilifungwa Machi 17, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza nchini. Kidato cha sita walirudi Juni 1, sisi wengine tukawa tunasubiri Juni 29. Kusubiri kwenyewe mnakukumbuka: ndoo yenye koki kwenye kila mlango wa duka, malimau na tangawizi vimepanda bei, nyungu inachemka uani, na kila simu inayoita usiku unaiogopa kabla ya kuipokea. Takwimu zilikuwa hazitangazwi tena. Tulichokuwa nacho ni misiba tuliyoisikia, na wengi waliokuwa wanaondoka walikuwa wazee.

Usiku nilikuwa napata bando la bei nafuu, nikaingia makumbusho za dunia. Nyingi zilikuwa zimefunga milango na kufungua mitandao. Mwezi Mei, Rijksmuseum ya Amsterdam ilitoa picha ya mchoro mkubwa wa Rembrandt wa mwaka 1642, ule wa kikosi cha walinzi wa mji, ikiwa na pikseli bilioni 44.8. Unaikuza na kuikuza mpaka unaona nyufa za rangi. Nilifika kwenye jicho la mtu mmoja, jicho lililojaa kioo kizima cha simu yangu, nikakaa nalo muda mrefu. Najua jina la aliyelichora. Najua hata majina ya waliochorwa, kwa sababu walilipa na majina yao yakaandikwa mle mle kwenye picha.

Ndipo nikaukumbuka ukuta wa Majengo. Niliusikia tangu chuoni: kanisa la Mtakatifu Paulo, Mtwara, limechorwa ndani kote. Ni kilometa mia na kitu kutoka kwangu, na sikuhitaji bando kufika.

Mwanamke akisafiri peke yake huku kwetu lazima awe anamfuata mtu. Ama anakwenda kuuguza, ama kuzika, ama kumtazama mzazi, na katika miezi ile swali hilo liliulizwa kwa hofu kweli. Mama aliyekaa dirishani aliniuliza tukiwa hatujafika hata Mnazi Mmoja.

"Mwanangu, unamfuata nani Mtwara? Kuna mgonjwa?"

"Hapana mama, wote wazima. Nakwenda kutazama michoro ya kanisani, Majengo."

Alinitazama, akautazama ushungi wangu, akasema, "Haya, Mungu akufikishe." Halafu akafungua dirisha zaidi ili upepo uingie.

Basi lilikuwa la level siti, hakuna aliyesimama, na karibu wote tulikuwa na barakoa za kitenge. Njiani tuliwapita wakulima wakipuliza salfa kwenye mikorosho, kila mmoja na pampu mgongoni na kitambaa amekifunga puani na mdomoni. Watu wa Kusini tulijifunika nyuso mashambani miaka mingi kabla ya korona, na nadhani ndiyo maana hatukubishana sana kuhusu barakoa.

Nilishuka Mikindani kwanza. Anayetoka Lindi anaifikia kabla ya Mtwara mjini, imelala kwenye ghuba yake ya duara, nyumba za mawe ya matumbawe zinashikana bega kwa bega, nyingine nzima, nyingine zimebaki kuta tu na mti umeota sebuleni. Juu kidogo lipo Boma walilojenga Wajerumani mwaka 1895, ambalo baadaye lilikarabatiwa likawa hoteli. Nililitazama kwa nje. Kilichonipeleka Mikindani ni milango.

Nilichagua mmoja nikausimamia kama mtu anayemsubiri mwenye nyumba. Mfaa wake, ule mti wa katikati unaozigawa mbao mbili, umechongwa maua kuanzia chini mpaka juu, lakini chini maua yamelika. Kuanzia usawa wa goti langu kushuka, nakshi imefutika, imebaki mbao laini inayong'aa. Miguu, mabega, magunia, watoto waliotambaa wakajishika hapo kusimama, vyote vimepita na kuondoka na unga kidogo wa mti. Juu, mkono usikofika kwa urahisi, alama za patasi bado ni kali. Unaweza kuona pale fundi alipogeuza mkono kukata kona ya jani, na jani moja limetoka jembamba kuliko wenzake kwa sababu nafasi ilimwishia. Hilo jani jembamba nalipenda kuliko yote, maana ndipo mtu mwenyewe alipo.

Hatua chache tu kutoka hapo kuna nyumba inayotajwa kuwa ndiyo aliyofikia David Livingstone mwaka 1866, alipoanza safari yake ya mwisho kuelekea bara. Nimefundisha habari zake kila mwaka. Mgeni aliyepita Mikindani siku chache tunamjua kwa jina, mwaka na njia aliyoishika. Fundi aliyechonga milango ambayo watu wameigusa maisha yao yote hatumjui. Nilimuuliza bibi aliyekuwa anauza ming'oko kando ya barabara kama amewahi kusikia nani aliichonga. Akasema, "Walikuwepo mafundi." Nikanunua ming'oko ya kuchemsha, nikaimenya taratibu nimeketi kwenye baraza, kisha nikatafuta bajaji ya kunipeleka Majengo.

Mimi ni Mwislamu, na niliingia kanisani kama ninavyoingia nyumba yoyote ya watu: nikabisha hodi, nikaeleza nilichofuata, nikangoja. Katika ukoo wetu, kama koo nyingi za huku, Idi na Krismasi zote zinapikiwa. Baba mmoja aliyekuwa anafagia uwanja alisikiliza, akanielekeza kwanza kwenye ndoo ya maji, kisha akanifungulia. Ibada hazikuwa zimesimama Tanzania, lakini siku hiyo ya katikati ya wiki hapakuwa na mtu ndani. Mabenchi yalikuwa yamewekewa alama za chaki kuonyesha pa kukaa, moja hapa, moja kule.

Rangi zinakuwahi kabla ya picha. Ukuta wote wa mbele na kuta za pembeni umejaa, hakuna mahali jicho linapumzika kwenye chokaa tupu, na rangi zenyewe ni za kushiba. Aliyechora ni padre Mjerumani, Polycarp Uehlein, Mbenediktini. Alichora katikati ya miaka ya 1970, na kazi ilimchukua kama miaka miwili. Ni visa vya Biblia, vile vinavyosomwa Jumapili, na vilichaguliwa ili muumini aliyekaa kwenye benchi aelewe mahubiri hata kama kitabu hakisomi, na avione visa hivyo ndani ya maisha yake mwenyewe. Watu wa kwenye picha hawakufungwa kwenye taifa moja wala zama moja. Nilijaribu kuwapangia kabila nikashindwa, nikaacha, na nilipoacha ndipo nilipoanza kuwaona.

Picha ya simu haiwezi kukufanyia jambo hili moja, nalo ni kukutembeza. Ukisimama karibu unaona ukuta: tabaka la plasta, mpasuko mdogo, mahali brashi ilipokwenda haraka na rangi ikabaki nyembamba. Ukirudi nyuma hatua kumi, mpasuko unapotea na mtu anatokea. Ukirudi mpaka mlangoni, mtu naye anapotea, unabaki na mwendo mzima wa rangi kutoka ukuta huu hadi ule. Nilikwenda na kurudi hivyo, nikiwa nimeshika viatu mkononi, mpaka nikajua sauti ya nyayo zangu mle ndani. Mwanga wa dirishani ulikuwa unasogea. Upande uliokuwa umefifia nilipoingia ulikuwa umewaka nilipotoka. Kama ningekuwa na mtu tungeongea, na tungeongea tungemaliza mapema. Kwa sanaa ya ukubwa ule, kwenda peke yako ndiyo njia bora ninayoijua.

Nilimshukuru yule baba. Tuliagana kwa ile salamu ya mguu ambayo nchi nzima iliiona Machi mwaka ule, Rais Magufuli na Maalim Seif waliposalimiana Ikulu. Akaniambia padre huyo alichora makanisa mengine pia, na mengine nilikuwa nayajua kwa kusoma: Nyangao, Malolo, Ngapa, Lindi kwenyewe, hata Dar es Salaam. Nikamuuliza kama anawajua waliompa padre mkono, waliofunga majukwaa, waliopiga plasta, waliokoroga rangi. Miaka miwili ya kuta kubwa kiasi kile siamini mtu mmoja aliimaliza na mikono yake miwili. Alifikiri. "Baadhi walikuwa wa hapa hapa Majengo," akasema. "Wengi wameshatangulia."

Kituo changu cha mwisho kilikuwa kibanda cha makuti pembeni mwa barabara, ambako rafiki aliniambia kuna mzee anachonga mpingo. Kusikia nyundo kabla ya kuona kibanda kulinifurahisha sana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Kaa kwenye gogo lile, tusikaribiane sana. Umekuja kununua?"

"Nimekuja kutazama. Kidogo nitanunua pia."

"Tazama basi. Kutazama hakuna bei."

Ni Mmakonde wa Newala, mtu wa makamo ya babu yangu, vidole vimepinda kufuata mpini wa tezo. Mpingo ni mti mzito, ukiutupa majini unazama. Nje una mbao nyeupe inayoelekea njano, na ndani ndiko uliko weusi unaotafutwa. Ndio mti ambao Ulaya wanatengenezea zumari zao za klarineti. Unakua polepole mno, na ndiyo maana vijiji vya Kilwa vilivyoanza kusimamia misitu yao na kuuza mpingo kwa utaratibu vinastahili kusifiwa kuliko tunavyovisifu. Mzee anakata kwa tezo kwanza, vipande vikubwa vinaruka, halafu patasi, halafu tupa, halafu msasa. Mwishoni kinyago kinasuguliwa mpaka kinang'aa. Aliniruhusu nishike kipande kilichokuwa katikati ya safari hiyo: upande mmoja uso umeshafumbua macho, upande wa pili bado gogo lenye ganda.

Kwenye kona kulikuwa na kazi kubwa, yenye urefu wa kunifika kifuani, ya mtindo wa ujamaa. Mnaujua: watu wamepandana, mama na watoto, mzee na kijana, wote kutoka gogo moja. Mtindo huu anatajwa Roberto Yakobo Sangwani kuwa ndiye aliyeuanzisha, kama vile Samaki Likankoa anavyotajwa kwa mtindo wa shetani, ule wa viumbe vya mizimu, miaka ya 1950. Nilichutama nikafuata mkono mmoja. Ulikuwa umeshika kifundo cha mguu wa mtu wa juu yake, vidole vinne vinaonekana, dole gumba limezama nyuma. Mtu huyo wa juu naye amemshika bega mwanamke mwenye mtungi. Mwanamke amembana mtoto kwa kiwiko. Nikafuata hivyo mpaka juu na sikupata mtu mmoja ambaye hajamgusa mwenzake. Na redioni, pale pale kibandani, tangazo lilikuwa linasema tuachiane nafasi.

"Huu niliuanza kabla ya ugonjwa," mzee akasema, kama aliyeona ninachowaza. "Siwezi kuwaachanisha sasa. Ukiwaachanisha, hakuna kinyago."

Kazi zake kubwa zilikuwa zinakwenda Mwenge, Dar es Salaam, kwa mtu anayempigia simu akihitaji mzigo. Ndege za abiria kutoka nje zilisimama Aprili 11, zikaruhusiwa tena Mei 18, lakini watalii hawakurudi siku hiyo hiyo. Simu ya Mwenge ilikuwa kimya. Vinyago vilikuwa vimepangwa ukutani na vumbi juu yake. Alikuwa anachonga bado, kila siku, kwa sababu, alivyosema, mkono ukilala unasahau.

Nikauliza nilichokuwa nimekibeba tangu Mikindani. "Mzee, chini ya hivi unaandika jina lako?"

"Huko Mwenge wanabandika karatasi ya bei."

"Na jina?"

"Anayeninunulia ananijua."

Lakini anayenunua kwa huyo mnunuzi humjua mnunuzi tu, na wa tatu hajui lolote. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Mwaka 1906, vumbi la Majimaji likiwa halijatua, Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala akikusanya vitu vya wazee wetu, akavipeleka Leipzig. Vinyago vya midimu, vile vinavyovaliwa usoni ngomani wakati wa jando na unyago, viko katika makumbusho nyingi za Ulaya, na kwenye vibao vyake utasoma Makonde, Afrika Mashariki. Kabila zima limeandikwa mahali pa mtu mmoja. Kuna kinyago cha Kimakonde kilichoibwa mwaka 1984 kutoka Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kikaonekana kwenye makumbusho ya Barbier-Mueller, Geneva, na kikarudishwa kwetu Mei 2010 baada ya miaka mingi ya kudai. Nilishangilia kilipotangazwa kurudi, na ningeshangilia tena leo. Ila mkono uliokichonga ungeweza kutajwa na mtu fulani, siku fulani, kama mtu huyo angeulizwa kabla hajafa.

George Lilanga alibahatika. Alizaliwa mwaka 1934 Kikwetu, hapa hapa Lindi, akaenda Dar es Salaam, akaingia Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa mwaka 1972, na huko kazi zake zilitoka zikiwa na jina lake. Alipofariki mwaka 2005 dunia ilijua ni nani aliyefariki. Wanafunzi wangu wanapita Kikwetu wakienda uwanja wa ndege, na nilipoanza kuwafundisha habari zake hakuna aliyewahi kumsikia. Tofauti ya Lilanga na wenziwe wengi si kipaji tu. Kuna mtu alimuuliza anaitwa nani, akaandika.

Nilichagua kinyago kidogo, mwanamke aliyeketi, mikono magotini. Tukapatana bei bila kuvutana. Kisha nikamwomba aandike jina lake chini, kwa patasi, siyo kwa kalamu. Alikigeuza kinyago, akakitazama kitako chake muda kidogo.

"La ubatizo au la nyumbani?"

"Yote mawili, mzee. Na mwaka."

Alitumia patasi nyembamba kuliko zote. Herufi za kwanza zilitoka ndogo na za mwisho kubwa. Alipomaliza aliupuliza unga, akasoma kwa sauti, akanipa. Jina hilo silitaji hapa kwa sababu sikumwomba ruhusa ya kulitangaza mtandaoni, ila limo kwenye daftari langu pamoja na kijiji alichozaliwa, na aliyemfundisha kuchonga, na aliyemfundisha huyo.

Sasa naandika kwenu mlioko Lindi, Mtwara, Masasi, Newala na Tandahimba, na mlioondoka huku mkiwa na wazazi huku. Nataka kuorodhesha watu waliofanya kazi kwenye kuta zile za miaka ya 1970: mafundi majukwaa, wapiga plasta, vijana waliobeba ndoo za rangi, na yeyote ambaye uso wake ulitumiwa kama kielelezo. Nimeanza na Majengo, Ngapa ndiyo itakayofuata kwa kuwa iko karibu na mimi, halafu Nyangao. Nataka pia majina ya wachonga milango wa Mikindani, hata kama ni "babu wa fulani" tu. Kama kuna kinyago nyumbani kwenu, kigeuzeni, na kama kitako ni kitupu muulizeni mzee aliyepo nani alikichonga, wapi, kwa mti gani, kisha niandikieni. Picha ya simu ikiambatana itasaidia, lakini jina litangulie.